Picha ya Bumbire ni Mali ya Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama kisiwani Bumbire)



Nimeombwa niseme juu ya vibali vya kupiga picha na filamu mahali pa watu wote: mwaloni, sokoni, barabarani, shuleni. Huenda wengine mnajiuliza, mvuvi ana haja gani na habari za kamera? Nawaambieni, katika ziwa hili hakuna watu wenye haja nazo kuliko sisi wa Bumbire.

Tarehe 28 Aprili, 1875, Henry Stanley alifika hapa na mashua yake akitafuta chakula. Wazee wetu waliiburura mashua nchi kavu na kuchukua makasia, kwani hawakumjua wala hawakumwalika. Stanley alipiga bunduki, akakimbia. Tarehe 4 Agosti alirudi na mitumbwi mingi, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukoni. Yeye mwenyewe aliandika kwamba waliokufa walizidi thelathini, na waliojeruhiwa walizidi mia.

Sasa sikilizeni vizuri. Habari hiyo ilisomwa London na New York, maana Stanley alikuwa akiandikia magazeti ya huko. Mwaka 1878 alitoa kitabu, na ndani yake mlikuwa na mchoro wa Bumbire: watu wenye silaha ufukoni na mashua yake katikati yao. Kule Uingereza wapo waliomlaumu kwa ukatili ule. Lakini hata hao walimhukumu kwa maneno yake mwenyewe. Neno la Bumbire halikuwamo. Aliyeshika bunduki ndiye aliyeshika kalamu.

Basi, ndugu zangu, nchi ilipokuwa huru ilikuwa haki yake kumwuliza mgeni: unapiga picha gani, na kwa kazi gani? Tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inayotaka mtengenezaji wa filamu awe na kibali. Mwaka 2019 sheria hiyo ilirekebishwa, na mgeni akatakiwa aeleze mahali alipopiga picha, atoe picha alizozipiga kabla hazijakatwa, na alete nakala ya filamu iliyokamilika. Jambo hili la nakala ni jema. Stanley hakutuachia nakala.

Lakini kisu kina pande mbili. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu juu ya biashara ya sangara kule Mwanza, iitwayo Darwin's Nightmare. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na watu wa Mwanza wakaandamana. Mengi yaliyosemwa katika filamu ile yalipingwa, hasa habari za ndege na silaha. Hata hivyo tujiulize kwa ukweli: umaskini ulioonekana mle uliletwa na kamera? La. Sangara wanauzwa Ulaya. Mvuvi na mama anayekaanga mapanki tunawaona kwa macho yetu. Kibali kikitumiwa kuficha mambo hayo, hakilindi heshima ya nchi. Kinalinda uzembe wa watu wachache.

Na yuko kijana wetu wa hapa hapa. Akiinua simu apige picha ya gati lililovunjika au ya dagaa wanaooza kwa mvua, mara husikia: "Nani kakuruhusu?" Kambi ya jeshi ina sheria zake, na kila mtu anaelewa sababu. Hifadhi kama Rubondo nayo ina utaratibu wake. Lakini mwalo ni wetu. Mali ya umma haiwezi kuwa siri kwa umma wenyewe.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu. Kwanza, mgeni yeyote anayekuja na kamera apite kwenye serikali ya kijiji, aonyeshe kibali chake, na aseme na wananchi kabla ya kuwapiga picha. Pili, kijana wa Bumbire anayetaka kutengeneza filamu asilazimike kuvuka ziwa na kusafiri nchi nzima akitafuta mhuri. Sheria ile ile ya 1976 ilizitaja bodi za mikoa na wilaya. Basi na zifanye kazi karibu na watu, zijibu upesi, na zikikataa zitoe sababu kwa maandishi. Tatu, nakala ya kila picha ya Bumbire irudi Bumbire, iwekwe shuleni, watoto waione.

Wazee wetu waliuliza mgeni ni nani, wakajibiwa kwa risasi. Sisi leo tunayo sheria. Tuitumie kumwuliza mgeni. Tusiitumie kumnyamazisha mwananchi.

Uhuru na Umoja!