Haki ya Abiria Anayekatiza Safari ya Treni
Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu wa Vyama vya Msingi



Katika kukagua vitabu vya chama kimoja nilikuta hati za masurufu ya mjumbe aliyekwenda Uingereza mwaka 2024 kuutazama mji wa Rochdale, ambako mwaka 1844 wafumaji na mafundi wenzao walifungua duka lao la ushirika katika mtaa wa Toad Lane. Mjumbe huyo hakufika. Treni aliyoipanda London ilikwama njiani muda wa saa mbili na zaidi. Ilipoingia stesheni ya Crewe saa ya miadi ilikwisha kupita, basi akashuka, akarudi London jioni ile ile. Pembezoni mwa hati yake aliandika: "Nauli imepotea bure."

Nauli ile haikupotea, Ndugu zangu. Iliachwa.

Masharti ya usafiri wa reli ya Uingereza yanasema kwamba treni ikifutwa au ikichelewa, na abiria akaamua kutosafiri, atarudishiwa nauli yake yote bila kukatwa ada. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba haki hiyo humhusu pia aliyekwisha kuanza safari, akashindwa kuikamilisha kwa sababu ya ucheleweshaji, akarudi alikoanzia. Kwa hiyo mwendo wa London hadi Crewe, ijapokuwa aliusafiri, haukumnyima kitu. Lakini angalieni sharti la kurudi: angebaki Crewe kumtembelea rafiki, kifungu hicho kisingemsaidia.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako baadhi ya wajumbe wetu hupita kwenda Brussels kwenye makao ya Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, kanuni inayotumika tangu tarehe 7 Juni 2023 ni pana zaidi. Ikitazamiwa kwamba abiria atachelewa kufika kwa dakika 60 au zaidi, yeye ndiye mwenye kuchagua: aendelee, apitishwe njia nyingine, au arudishiwe nauli. Hurudishiwa nauli ya sehemu asiyoisafiri, na hata ya sehemu aliyoisafiri, iwapo safari haina tena faida kwa kusudi lake la awali; tena hurejeshwa alikoanzia. Hapo ndipo barua ya mwaliko yenye saa ya mkutano inapokuwa na thamani ya fedha. Malipo yapasa kufanywa ndani ya siku 30 tangu kudai.

Msichanganye jambo hili na fidia. Fidia ni ya yule aliyevumilia akafika kwa kuchelewa: Ulaya ni robo ya nauli kwa dakika 60 hadi 119, na nusu kuanzia dakika 120. Anayedai vyote viwili kwa safari moja hudai asichostahili, nami nisingependa kuikuta barua ya namna hiyo katika jalada la chama chochote.

Mjumbe asiitupe tiketi. Aandike siku hiyo hiyo saa ya treni, mahali aliposhuka na saa aliyorudi, kisha apeleke dai kwa yule aliyemwuzia tiketi. Kwa Uingereza muda ni siku 28 baada ya tiketi kwisha muda wake.

Sasa nije kwenye vitabu. Fedha hurudi kwa njia ile ile iliyolipiwa. Ikiwa mjumbe alilipa kwa kadi yake, naye chama kilikwisha kumlipa, fedha hizo ni za wanachama, na Katibu hana budi kuzikatia stakabadhi na kuziingiza katika daftari la fedha.

Nilipozifungua hati za mjumbe wa Crewe, siku 28 zilikuwa zimekwisha kupita. Nimemwagiza Katibu wa chama kile aongeze swali moja katika fomu ya kurejesha masurufu: "Je, safari ilikamilika? Kama haikukamilika, nauli imedaiwa lini?"