Hakuna Moshi, Lakini Minyororo Ipo

Vijana wangu, ndugu na dada zangu.

Ramadhani iliyopita kijana mmoja alinijia baada ya Tarawehe. Akaniambia, "Ustadh, njaa naiweza, kiu naiweza. Lakini ikifika Alasiri mikono yatetemeka, namfokea mpaka mamangu." Nikamuuliza, wavuta sigara? Akasema, "Sivuti. Natumia tu vile vijifuko."

Mwavijua. Vile vyeupe vinavyobanwa kati ya mdomo na ufizi. Havina moshi, havina harufu. Mtu aweza kukaa navyo darasani, mwalimu yuko mbele yake na hajui.

Kijana yule alidhani si mraibu manake havuti. Hapo ndipo anapodanganywa! Moshi una madhara yake makubwa, lakini kinachomfunga mtu ni nikotini, na kwenye kijifuko imo. Ubongo wa kijana bado unakua, na nikotini huukamata upesi. Zile ladha za minti na matunda hazikuwekwa kwa ajili ya babu yako. Zinakutafuta wewe.

Mtasema: sisi ni vuguvugu la haki, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja. Haya, tokeni hapa mwende kwenye kibanda cha kwanza. Si moja moja ndiyo inayouzwa?

Na vijifuko je? Viliingia sokoni 2019 vikiwa vimesajiliwa kama dawa. Mwaka uliofuata Waziri wa Afya akasema usajili ule haukufuata sheria. Mwaka 2024 mswada ukapelekwa Seneti, ili vijifuko na sigara za umeme zitajwe wazi kwenye sheria. Makampuni yana mawakili na pesa. Lakini yanashindika: Novemba 2019 kampuni kubwa ya sigara ilipinga kanuni za tumbaku mpaka Mahakama ya Juu, ikaanguka.

Jambo moja nalisema wazi. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Msako ukija, anayetupwa kwenye landrova ni kijana wa mtaani. Aliyeingiza mzigo amelala kwake. Sisi twataka sheria ifanye kazi, lakini ianze na mwenye mzigo. Mraibu apelekwe kwa daktari, si korokoroni.

Basi tufanye nini? Kwanza, muuzaji wa mtaani mwako mwendee kwa adabu, mwambie asiwauzie watoto. Akikaidi, ripoti kwa afisa wa afya ya umma. Pili, kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Tuandike, tutie sahihi, tupeleke. Tatu, rafiki yako aliyenaswa usimuaibishe. Msindikize hospitali.

Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Baqara aya ya 195, kujitia wenyewe kwenye maangamizi. Tusijitie, na tusikubali kutiwa na mwenye kutafuta faida.

Yule kijana ameacha, alhamdulillah. Ilimchukua miezi, na aliteleza mara mbili. Mwombeeni dua.