Arubuni na Ahadi: Mambo ya Mafundi wa Mashambani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa mjini na wa mashambani katika siku ya ukumbusho)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu mikono na akili ya kuiongoza. Na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Enyi ndugu Waislamu, wazee na vijana, wenyeji na wageni! Katika mikutano ya namna hii ni desturi kutaja habari za wanavyuoni waliotangulia, na za wafanyabiashara waliojenga misikiti, na hilo ni jambo la haki. Lakini yuko mtu mmoja atajwaye kwa nadra, ijapokuwa mlango wa msikiti ni kazi ya mkono wake, na jeneza alazwalo maiti ni kazi ya mkono wake, na kanzu aivaayo imamu siku ya Idi ni kazi ya mkono wa ndugu yake. Mtu huyo ni fundi akaaye mashambani.

Hapa Burundi, tangu ukingo wa Ziwa Tanganyika pale Rumonge hadi juu vilimani Bururi, tangu zamani watu hawakuzoea kukusanyika vijijini kama ilivyo desturi ya nchi nyingine. Kila nyumba husimama peke yake katika migomba yake, na kilima hutazamana na kilima. Kwa hiyo fundi wa mashambani hana mtaa wa mafundi wenzake kama ulivyo mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Seremala huweka meza yake ya kazi penye njia panda. Fundi cherehani huazima baraza ya duka. Mhunzi hukaa karibu na soko, akifua visu na miundu kwa springi za magari yaliyokufa, maana majembe yaliyokuwa riziki ya babu zake sasa hutoka viwandani. Na fundi baiskeli huwa chini ya mti wenye kivuli, ana pampu yake, na beseni la maji la kutafutia tundu, na vipande vya mpira wa kale.

Kazi hizi si za kudharauliwa. Nabii Nuhu aliunda jahazi kwa mikono yake. Nabii Zakaria alikuwa seremala, kama ilivyopokewa katika hadithi sahihi. Nabii Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa afue nguo za vita na apime sawasawa pete zake. Tena alikuwa mfalme, na juu ya hayo alikula jasho lake. Asiyefahamu uzito wa amri ile ya kupima pete na amtazame mhunzi anapotia mpini katika jembe.

Basi taabu ya fundi huyu ni nini? Wengi husema ni umaskini, na wengine husema ni uhaba wa zana. Yote mawili ni kweli, lakini mzizi uko chini zaidi. Fedha ya mashambani huja kwa msimu, na njaa huja kila siku. Mkulima wa vilimani hupata fedha yake baada ya mavuno ya kahawa, ambayo huanza kama mwezi wa Machi na kuendelea hadi Juni au Julai. Hapo mvua zimekatika, kiangazi kimeingia, na kila mtu ataka mambo yake yote yafanywe pamoja. Huyu amwoza binti yake na ataka kitanda; yule apaua nyumba na ataka milango miwili; mwingine ataka sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa Septemba. Fundi aliyekaa tangu Februari akitengeneza vigoda huletewa kazi kumi katika juma moja. Naye hakatai hata moja, kwa kuwa ajua ya kwamba mvua zikirudi hatamwona mtu.

Chukueni mfano wa seremala mmoja, asiyehitaji kutajwa jina, kwa sababu yuko katika kila kilima. Mtu wa kwanza ampa arubuni ya mlango. Fedha hiyo haimfikii mpasuaji mbao. Yaingia dukani kulipa deni la unga na sabuni lililolala tangu masika. Mtu wa pili aleta arubuni ya kitanda. Hiyo ndiyo inayonunua mbao za mlango wa mtu wa kwanza. Wa tatu aleta arubuni ya kabati. Yanunua misumari na bawaba, na sehemu yake yampeleka mtoto hospitali. Sasa mlango umekwisha, kitanda hakijaanzwa, kabati halina hata ubao mmoja, na seremala amekwisha kula fedha za watu watatu kwa kazi moja. Mwenye kitanda afika, ajibiwa kesho. Afika tena, ajibiwa baada ya Ijumaa. Mara ya tatu amkuta mke wa fundi peke yake uani, na fundi yumo chumbani, amezuia pumzi asije akakohoa.

Mtu huyu si mwizi. Hakuamka asubuhi akanuia kumdhulumu mwenziwe. Hata hivyo mwenye kitanda hajui hayo, naye anayo harusi Jumapili.

Tena madhara hayakomi katika kuchelewa. Mbao za mkaratusi zikipasuliwa mbichi, zina maji mengi ndani, na zikikauka husinyaa kwa upana, na mara nyingi hupasuka na kujipinda. Fundi mwema huzipanga kivulini miezi kadhaa, na baina ya ubao na ubao hutia vijiti ili upepo upite. Lakini seremala aliyekula arubuni hana miezi. Ana siku nne. Hununua mbao zilizopasuliwa juma lilelile, azipiga randa zingali zatoa maji, na mlango watoka mzuri wa kupendeza. Ifikapo Agosti nyufa zaonekana, na komeo haliingii mahali pake. Mwenye mlango azuia fedha iliyosalia, na haki anayo. Fundi asema kazi aliifanya usiku na mchana, na kweli aliifanya. Ndipo wapelekwapo mbele ya wazee, na udugu wa miaka ishirini waingia ufa kama ule mlango.

Katika Kiswahili neno arubuni, yaani fedha itangulizwayo kufunga mapatano, lafanana mno kwa sauti na neno kurubuni, yaani kumdanganya mtu. Wajuzi wa lugha na waamue kama maneno hayo ni ya nyumba moja. Huko vilimani watu wamekwisha kuyaoza.

Wala lawama isimwangukie fundi peke yake. Wako watu waagizao kanzu tatu kwa ajili ya Idi, wakaja wakachukua moja, na mbili zikatundikwa ukutani mwa fundi hadi Idi ya pili, na uzi ni wake, na vifungo ni vyake. Wako waliojengewa nyumba na mwashi, wakahamia, wakalala ndani, na ujira wa ukuta wa mwisho wakausogeza mbele mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mtume, sala na salamu zimshukie, aliamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka; na imepokewa kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimlipe. Mwenye nyumba asomaye Yasini kila Alhamisi usiku na autazame ukuta wake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, kununua kitu kisichokuwapo bado ni jambo lenye masharti: sifa zake zielezwe, muda ujulikane, na thamani yote itolewe palepale penye mapatano. Madhehebu ya Imamu Abu Hanifa yameruhusu kumwagiza fundi kitu na kutanguliza sehemu tu ya fedha, kwa kuangalia haja na desturi za watu. Lakini iko njia iliyo salama kwa wote, nayo ni nyepesi. Atakaye mlango na azinunue mbao yeye mwenyewe, ziwe mali yake, kisha amwajiri fundi kwa kazi ya mkono kwa ujira uliotajwa. Mbao zikilala kwa fundi, zinalala amana, na alama ya mwenyewe imeandikwa juu yake kwa makaa. Ujira waweza kugawanywa kama wapatanavyo: sehemu siku ya kuanza, sehemu miimo ikisimama, na iliyobaki siku ya kutundika. Hapo hakuna awezaye kukata mlango wa Juma akaufanya kitanda cha Hamisi pasipo kujijua kwamba amevunja amana. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, kwani faranga hazina alama, lakini ubao unayo.

Inafaa kutajwa hapa habari ya wapasuaji mbao, ambao huvuta msumeno wa watu wawili kisha hulipwa kwa baadhi ya mbao walizozipasua. Wanavyuoni wa Kishafii na wa Kihanafi wamekataza ujira kuwa sehemu ya kile kitokacho katika kazi yenyewe, kama kumlipa msagaji kwa unga aliousaga, Wahanbali wameruhusu. Aliye na uwezo wa kulipa fedha na alipe fedha, atoke katika tofauti hiyo.

Kwa fundi cherehani kuna jambo jingine. Kitambaa si chake, na pasi ya makaa ikitoa cheche moja tu, nguo ya watu imekwisha. Nani hulipa? Wako wanavyuoni waliomtia fundi katika dhamana ya kila kiharibikacho mikononi mwake, ili mali za watu zihifadhiwe. Na wako waliosema yeye ni mwaminifu tu, halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Fundi na azungumze neno hilo mkasi ukingali juu ya meza. Na vile vipande visaliavyo baada ya kukata, ambavyo hushonwa kofia au nguo za watoto wa fundi, ni mali ya mwenye kitambaa mpaka yeye aseme chukua. Wengi wangesema chukua, kama wangeulizwa.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ndani ya Sura ya Al-Bakara, yahusu kuandika deni, na mwandishi wake, na mashahidi wake, liwe dogo au kubwa. Hata hivyo ukiingia kwa fundi wa mashambani hutakuta daftari. Utakuta ukuta wenye mistari ya mkaa, na mvua ikipiga upande huo hesabu yote yaenda na maji.

Kiangazi ndicho pia wakati wa kuchoma matofali, na hapo huja swali la Ijumaa. Tanuri likishawashwa huwaka usiku na mchana kwa siku kadhaa, na moto ukiachwa ukashuka, matofali ya juu hutoka mabichi, na kuni za miezi zimepotea. Baadhi ya vijana hudhani wametoka katika dini kwa sababu walibaki penye moto. Vitabu vya fikihi vimewatangulia: mwenye kuhofia mali yake iharibike ana udhuru, na mfano uliotolewa na wanavyuoni ni mtu mwenye mkate katika tanuri. Neno ni lilelile. Yeye ataswali Adhuhuri pale pale. Lakini vitabu hivyo hivyo vimeongeza kwamba asiutie mkate kwa kusudi la kuikwepa Ijumaa. Basi tanuri na liwashwe Jumamosi, na wachomaji wapeane zamu.

Mwisho ni habari ya mbao kavu, kwa sababu njia iliyotajwa juu haifai kitu ikiwa mnunuzi mwenyewe hupata fedha mwezi wa Juni na harusi ni Julai. Jumuiya yenye sanduku la sadaka ina desturi ya kumkopesha seremala faranga, na faranga hizo huishia palepale ziishiapo arubuni. Afadhali sanduku limnunulie mbao mwezi wa Januari, wakati kazi ni haba, zikauke hadi Juni, kisha awauzie wanaotaka milango na vitanda, naye arudishe thamani ileile pasipo nyongeza kadiri auzavyo. Nyuma ya madrasa nyingi pako upenu ambao hauna kazi ila kufugia popo. Mbao sitini zaenea hapo, na vijiti vya kuzitenga hupatikana bure. Mwalimu wa madrasa ana kalamu na daftari, na aweza kuandika nani ametoa ngapi na nani amechukua ngapi, mbele ya mashahidi wawili, baada ya swala ya Alasiri.

Wabillahi taufiki.