Mazungumzo: Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Darasa la Chuo



Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 24 ya Mkataba huo inataka watu hao wapate elimu ya juu bila ya ubaguzi, na wafanyiwe marekebisho yanayostahiki. Kwa hivyo kilichopungua si sheria. Mwanafunzi aliyepokelewa chuoni kwa barua yenye muhuri huweza kuachwa nyuma na mhadhiri mwema asiyejua, katika dakika kumi za mwanzo za somo.

Na achukuliwe mwanafunzi asiyeona. Mhadhiri huandika hesabu ubaoni, akasema, "Hii ikihamia huku, jawabu ni hili." Wenziwe wameelewa, yeye amesikia chaki tu. Dawa yake haina gharama: kila kinachoandikwa kitamkwe. Chenye gharama ni muda. Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida huweza kuwa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na kazi hiyo haifanyiki usiku mmoja. Muhtasari wa somo hauna budi utolewe siku nyingi kabla.

Mwanafunzi kiziwi ana dhiki nyengine. Macho yake humtazama mkalimani wa lugha ya alama, na hayawezi wakati huo huo kutazama daftari. Wenziwe huandika huku wakisikiliza. Yeye huchagua moja. Anahitaji nakala ya maelezo ya mwenzake, na mkalimani akae karibu na ubao. Mhadhiri naye aseme na mwanafunzi mwenyewe, asimwambie mkalimani, "Muulize."

Mwenye ualbino, ambaye aghalabu uoni wake ni hafifu, apewe kiti cha mbele kisichoelekea mwanga wa dirisha, pamoja na karatasi zenye herufi kubwa.

Majengo ni mas-ala ya fedha, lakini si yote. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya mtelemko ni 1 kwa 12. Ngazi zenye kimo cha sentimita 45 zinahitaji mtelemko wa mita 5 na sentimita 40. Pasipo na nafasi hiyo, kulihamishia darasa ghorofa ya chini kwataka saini ya mpanga ratiba tu.

Wapo wanaoona kuwa muda wa ziada katika mtihani ni upendeleo. Mtihani wa historia hupima historia. Haukuwekwa kupima kasi ya vidole. Muda huo uandikwe mapema, na msimamizi wa chumba apewe taarifa kabla ya siku yenyewe, kwani ubishi mlangoni humla mwanafunzi dakika zile zile alizopewa.

Kila mhadhiri anaombwa, katika wiki ya kwanza ya muhula, amuulize mwanafunzi huyo faraghani kile kinachomfaa. Wawili wenye ulemavu wa aina moja huenda wasiwe na haja moja. Jawabu liandikwe, nakala ipelekwe kwa Mkuu wa Idara, ili muhula ufuatao mwanafunzi asianze kujieleza upya.