Kutii Kwanza, Ndipo Sadaka
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilei ya Miaka 50, Turbo)

Miaka 50 ya kuimba si mchezo, na tunamshukuru Mungu. Lakini leo tusiishie kusifia sauti zetu. Tujiulize: ni ibada ya namna gani anayoipokea Mungu?

Katika 1 Samweli 15, Mfalme Sauli aliagizwa awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote. Alishinda vita, lakini akambakiza mfalme Agagi na kondoo na ng'ombe walionona. Samweli alipomuuliza mbona anasikia mlio wa kondoo, Sauli alijitetea kwamba watu wamewaweka ili wamtolee Bwana dhabihu. Tuangalie hapo. Sauli hakukataa ibada. Alitaka ibada ifunike agizo aliloliasi. Samweli alimjibu kwamba utii una thamani kuliko dhabihu, na siku ile Sauli akakataliwa kuwa mfalme.

Hii si kusema kwamba sadaka si kitu. Mungu mwenyewe aliiagiza, tena kwa utaratibu: mnyama asiwe na kilema. Katika Malaki 1 anawakemea waliomletea vipofu na viwete. Sisi wa Turbo hatuhitaji mkalimani hapo. Siku ya sadaka ya mavuno, kila mkulima anajua gunia lipi lina mahindi mazuri na lipi lina yaliyooza.

Utii huuliza pia sadaka imetoka wapi. Daudi alipopewa bure na Arauna uwanja wa kupuria na ng'ombe wa dhabihu, alikataa, akalipa shekeli 50 za fedha. Hakutaka kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Na hapa kwetu Kenya, Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi aliagiza shilingi milioni 2.6 zilizotolewa na Rais katika kanisa la Soweto zirudishwe, akisema kanisa lisitumiwe kwa siasa. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kwaya. Na kwaya gani haina mahitaji?

Nasi tuna harambee ya kinanda. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, wakubwa watatukumbuka. Tuamue mapema: kinanda kitakachotudai madhabahu igeuzwe jukwaa la kampeni, tusikipokee. Shilingi 50 ya mama wa sokoni, iliyotolewa kwa moyo, tuanze nayo.

Wanakwaya wenzangu, sadaka yetu ya kila Jumapili ni wimbo. Katika Mathayo 5, Yesu anasema ukifika madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, ukapatane naye kwanza. Mwanzoni mwa 2008, hapa Uasin Gishu, jirani alimkimbia jirani na watu wakalala kambini. Pande zote kulikuwa na waimbaji. Sauti nzuri peke yake haikutuzuia kuumizana.

Jubilei katika Mambo ya Walawi 25 ni agizo kabla ya kuwa sherehe. Baragumu ilipigwa Siku ya Upatanisho, watumwa wakaachwa huru, na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Basi, kama kuna wawili kati yetu ambao hawajasalimiana tangu yale maneno ya kuongoza nyimbo au malipo ya sare, watafutane sasa, kabla hatujapanda kuimba. Washarika watatuvumilia. Wimbo unaweza kungoja dakika kumi.

Mungu aibariki kwaya yetu, na miaka ijayo atukute tukiimba na tukitii. Amina.