Njia ya Pembeni: Data Kabla ya Bando

Leo tuangalie simu zilivyobeba taarifa kabla bando halijafika kwetu Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu.

Mitandao ya GSM ilijengwa kwa ajili ya sauti. Ukitaka kupeleka data, ulishika laini kama mtu anayepiga simu, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Picha ya kilobaiti 100 ilikula karibu dakika moja na nusu, na dakika zililipiwa hata kama hakuna kinachopita. Baadaye GPRS ikaikata data vipande vipande, watu wakatumia njia moja kwa zamu na kulipia walichopakua. EDGE ikaongeza kasi.

Lakini mkulima wa vitunguu saumu Mbulu na mfugaji wa Hanang, wenye simu za kitochi, hawakuinuliwa na njia hizo. Kilichowafaa kilipita pembeni, kwenye njia ambayo simu na mnara hupeana taarifa hata kabla mtu hajasema "haloo". Wahandisi wa Ulaya waliona njia hiyo ina nafasi, wakapitisha humo meseji ya baiti 140. Kila herufi ikipewa biti saba, unapata herufi 160. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Meseji pia ina subira: simu ikizimwa, au mwenyewe akiingia mahali ambapo Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, umemkinga na mnara, kituo cha mtandao huitunza kwa muda mpaka apatikane.

USSD, ile ya kupiga nyota na reli, nayo hupita pembeni, lakini haina subira hiyo. Ni mazungumzo ya papo kwa papo; mtandao ukikatika, unaanza upya. Hata hivyo, hapa Tanzania ndiyo iliyobeba pesa. Kenya, mwaka 2007, huduma ya pesa ya M-Pesa ilianza na menyu iliyowekwa ndani ya laini na kutuma meseji zilizofungwa kwa siri. Tanzania, Aprili 2008, ilipita kwenye USSD, kwa nyota 150 nyota 00 reli. Simu yoyote iliweza, bila intaneti.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo data iliyobadilisha minada yetu. Lakini Australia imekwisha kuzima mitandao yake ya kizazi cha pili, yaani GSM hiyo hiyo. Siku hoja ya kuzima ikiletwa hapa, nawaomba wenye maamuzi waulize kwanza: watu wa Haydom na Basotu wameshika simu gani mkononi?