Minyoo ya Watoto Wetu Inatoka Wapi?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa genge la njia mbele ya mkutano wa wanachama wa Bungoma na Kitale)



Nimeombwa niseme kidogo juu ya afya ya watoto wetu wanaosoma. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni kukaza njia ya reli. Lakini jambo hili lilinipata nyumbani mwangu, na tangu siku ile nimeuliza na kusoma, na leo ninalo la kusema.

Mwanangu wa pili ana miaka 9. Mwaka jana mwalimu alileta habari kwamba mtoto analala darasani. Nikampiga. Habari ikaja tena, nikampiga tena, nikasema huyu amerithi uvivu wa wajomba zake. Mama yake ndiye aliyemvuta ukope wa chini akanionyesha: ndani palikuwa peupe, si pekundu kama pa mtu mzima wa afya. Tukampeleka zahanati. Choo chake kilipopimwa wakakuta mayai ya minyoo ya safura pamoja na ya mchango, na damu yake ilikuwa imepungua sana. Kumbe mtoto hakuwa mvivu, alikuwa akinyonywa. Alipewa dawa na sasa anacheza mpira mpaka giza linaingia. Fimbo zile siwezi kuzirudisha.

Basi nataka tujue mnyoo huu wa safura unaingiaje. Mtu mwenye minyoo hujisaidia kichakani. Mayai hubaki katika udongo wenye kivuli na unyevu, na baada ya siku chache hutoka viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtoto akipita pekupeku, vinapenya ngozi ya mguu, mara nyingi kati ya vidole, na hapo huwasha kidogo. Vinaingia katika damu, vinafika mapafuni, vinapanda hadi kooni, mtoto anavimeza, na mwisho vinashika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mchango nao hauingii kwa mguu, huingia kwa mdomo, kwa mkono mchafu au kwa pera lililookotwa chini. Mchango mmoja wa kike hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, na mayai hayo yaweza kukaa ardhini miaka.

Jirani zetu wa Busia waliyaona mambo haya kwa hesabu. Mwaka 1998 shirika moja la Kiholanzi lilianza kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule za msingi kule. Shule zilikuwa 75, nazo zikaingizwa kwa mafungu matatu, 25 kwanza, 25 mwaka 1999, na zilizobaki mwaka 2001. Watoto waliopimwa mwanzoni, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa na minyoo ya aina moja au nyingine. Wataalamu wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, waliandika mwaka 2004 kwamba katika shule zilizopata dawa kukosa shule kulipungua kwa robo. Tena hata watoto wa shule zile ambao hawakumeza kidonge walipungukiwa na minyoo, kwa kuwa mayai yaliyokuwa yakiangushwa ardhini yalikuwa machache. Wengine walizipitia hesabu zile mwaka 2015 wakakuta makosa, na mabishano yao ni marefu. Lakini mimi baba wa mtoto aliyekuwa akilala darasani sikuhitaji kungoja wamalize.

Serikali yetu iligawa dawa hiyo mashuleni mwaka 2009, na tangu mwaka 2012 kazi ikapangwa upya, na sehemu zetu hizi za magharibi zimo. Dawa ni kidonge kimoja, nayo ni njema. Mtoto asifichwe nyumbani siku ya dawa kwa sababu ya uvumi. Ila kidonge huua minyoo iliyomo tumboni leo. Hakizuii ile itakayoingia kesho kutwa. Sisi wa genge twalijua jambo hili kuliko watu wengine. Fundi mkubwa aweza kuja na mashine akanyosha njia ikawa kama mpya, lakini asipokuwako mtu wa kutembea juu ya mataruma kila siku na nyundo begani, akikaza palipolegea, haipiti miezi njia imeharibika tena.

Sasa niseme neno ambalo huenda wengine halitawapendeza. Watoto wetu wengi huifuata njia ya reli wakienda shule, ingawa tumewakataza kwa ajili ya hatari ya treni. Na sisi genge, tukiwa kazini mbali na stesheni, tunajisaidia wapi? Vichakani, kando ya njia hiyo hiyo. Mimi pia. Niliporudi kutoka zahanati nililifikiri jambo hili usiku kucha. Mwalimu amlaumu mtoto, baba amlaumu mtoto, na anayetupa mayai njiani ni baba.

Kwa hiyo desturi ya kwanza ni yetu sisi wakubwa: choo, na pasipo choo, jembe. Chimba shimo, fukia, ondoka. Ya pili ni mikono. Nyumbani kwangu nimetundika mtungi wa lita 5 karibu na mlango wa choo, nimeutoboa tundu dogo nikaliziba kwa msumari, na sabuni inaning'inia kwenye wavu ili kuku wasiichukue. Mtoto akitoka chooni ananawa, na kabla ya kula ananawa. Majuma mawili ya kwanza nilikuwa nikipiga kelele kama mnyapara, sasa wananikumbusha mimi. Ya tatu ni viatu. Kama viatu vya dukani vinatushinda, akala za tairi zipo sokoni, hazichakai upesi, na zinamkinga na funza pia.

Juu ya chakula nitasema moja tu. Mtoto aliyepungukiwa damu hutakiwa ale kunde, maharagwe, managu na omena, navyo vyote twavipata hapa. Lakini desturi yetu ya kumpa chai kali pamoja na chakula hupunguza nguvu ya chakula hicho kuongeza damu. Chai ingoje saa moja au mbili. Pera au chungwa baada ya kula ndilo lenye msaada, lakini lioshwe.

Na chandarua. Mgeni akija, ni nani hutolewa chini ya chandarua? Ni huyu wa shule, kwa sababu twasema amekwisha kuwa mkubwa. Uchunguzi wa malaria uliofanywa nchini mwaka 2015 uliwakuta watoto wa miaka 10 hadi 14 wakiwa na vijidudu vingi kuliko wadogo zao. Hutembea navyo bila kulala kitandani, damu ikapungua polepole. Ndugu wa Kitale wasiseme kwao ni juu na baridi. Malaria ya milimani huja kwa mlipuko, na mtoto wa Kitale anayekuja Bungoma likizo hana mazoea nayo.

Bwana Mwenyekiti, yaliyobaki si ya nyumbani, ni ya chama. Mtoto hawezi kunawa bila maji, na genge haliwezi kutumia choo kisichokuwako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na mahali pa kunawa kwa ajili ya watu wake. Naomba jambo la vyoo vya genge liandikwe katika ajenda ya mazungumzo yajayo, juu, si katika mengineyo, na halmashauri iteue watu wawili wa Bungoma na wawili wa Kitale wazungukie nyumba za wafanyakazi wahesabu mabomba yanayotoa maji na yasiyotoa. Mimi niko tayari kuzunguka siku yangu ya mapumziko. Jembe la genge letu nimekwisha kulinunua.